Safari Niliyokuwa Utingo wa Baba Yako

Mwanangu Zainabu,

Salamu nitakupa kwa mdomo kesho asubuhi, kwa hiyo hapa nimeziruka. Nimeruka pia habari za sanduku, za chakula cha njiani na za kujifunika vumbi, maana shangazi yako anakueleza tangu juzi na kesho atakueleza tena huku gari linaondoka. Wewe sasa hivi uko kwa majirani unaaga. Mimi nimekaa uani kwenye mkeka, jua bado lipo, naandika kwa herufi ulizonifundisha mwenyewe ulipokuwa darasa la pili, ukinishika mkono kama vile mimi ndiye mtoto. Ukikuta neno nimelikosea, lawama ni za mwalimu.

Unakwenda Songea kusomea ukunga. Kila aliyekuja hapa nyumbani wiki hii amesema, "Mbali huko." Neno hilo limenichosha. Mimi nilitaka kujua kuna nini katikati, na hakuna aliyeweza kunijibu. Masasi napajua. Baada ya Masasi, wanasema, Tunduru. Na kati ya Masasi na Tunduru? "Pori," wananijibu, basi. Lakini wale Wazungu waliokuja na matrekta ya kulima karanga waliita pori hata hapa petu Nachingwea, mahali ambapo watu walikuwa wamezika wazazi wao. Kwa hiyo mtu akiniambia pori, mimi huwa naelewa kwamba alipita amelala.

Ulipokuwa mdogo uliniuliza mara nyingi nilikwenda wapi ule mwaka nilipokuacha Kiegei kwa bibi yako. Nilikujibu kwamba nilikwenda na baba yako. Ni kweli, ila lilikuwa jibu la kumnyamazisha mtoto. Sasa umekua, nakusimulia lote.

Dada yangu mkubwa, Mwanahawa, aliolewa mimi nikiwa bado binti mdogo. Mumewe alikuwa mrina asali kutoka bonde la Mbwemkuru, kule mbele ya Ruangwa. Alikuja Kiegei na mzigo wa nta, akamwona dada yangu, akarudi msimu uliofuata na posa. Miaka ya mwanzo salamu zilikuja kwa watu wa miguu. Halafu ikaja vita, wanaume wakachukuliwa, njia zikanyamaza. Siku moja akapita mtu tusiyemjua akasema amesikia Ruangwa kwamba mke wa mrina asali wa Mbwemkuru amefariki kwenye uzazi. Jina hakulijua. Mjomba alimwuliza mrina asali yupi, wa kijiji gani. Mtu yule akasema yeye amesikia tu.

Tulisubiri habari nyingine, haikuja. Mwisho mjomba akaamua hitima isomwe. Ikasomwa, ubwabwa ukaliwa, na jina la Mwanahawa likahamia kwa wale tunaowaombea. Bibi yako hakupinga. Ila tangu siku ile, kila mgeni aliyepita Kiegei, kabla hata hajanywa maji, bibi yako alimwuliza amepita njia gani.

Baba yako, unajua, alijifunza gari kwenye mradi wa karanga. Mashamba yale yalipoanza kufungwa, madereva wengi waliachishwa kazi, naye akapata kwa tajiri mmoja mwenye duka hapa mjini aliyekuwa amenunua lori kuukuu. Kazi ilikuwa kupeleka chumvi, sabuni, kaniki na mafuta ya taa Ruangwa na vijiji vya mbele mpaka Mbwemkuru, na kurudi na ufuta na nta. Safari ya kwanza ilipokaribia, utingo wake akaanguka kwenye mti akavunjika mkono. Baba yako akaja nyumbani amenuna.

Nikamwambia, "Nichukue mimi."

Akacheka. Alipoona mimi sicheki, naye akaacha.

"Mwanamke hawezi kuwa utingo," akasema.

"Nani amekataza?"

"Hakuna aliyekataza. Ila gogo la kuzuia tairi ni zito."

"Na mtungi ninaoubeba toka kisimani ni mwepesi?"

Akavua viatu, akavivaa tena. "Tajiri akijua je?"

"Tajiri anataka chumvi yake ifike."

Habari za Mwanahawa, kwamba nataka kumtafuta, sikumtajia. Nilichelea ataniambia kwamba aliyesomewa hitima hatafutwi. Nilimwambia tu nataka kuona njia inakoishia, na hilo pia lilikuwa kweli. Nikakupeleka Kiegei, ukalia, nami nikaondoka bila kugeuka nyuma.

Abiria alikuwa mmoja, fundi wa mitambo wa Kizungu, Bwana Tomu. Kazi yake kwenye mradi ilikuwa imekwisha, na kabla ya kwenda Mtwara kupanda meli alitaka kuona nchi, kwa sababu miaka yote aliyokaa hapa alikuwa ameona chini ya matrekta tu. Watu walimwita Mwingereza, naye kila mara alisahihisha kwa upole, "Hapana. Mimi Australia." Alikaa mbele na baba yako. Mimi nilikaa nyuma juu ya magunia ya chumvi, nimejifunga kaniki kiunoni na kilemba kichwani.

Mlima wa kwanza niliharibu. Lori lilishindwa katikati, baba yako akapiga honi, ndiyo ishara, nikaruka na gogo langu nikaliweka mbele ya tairi. Nililiweka upande tuliokuwa tunaangalia, maana huko ndiko tulikokuwa tunakwenda. Lori likarudi nyuma taratibu, likaingia kwenye mtama wa watu. Mwenye shamba akatoka, mzee mmoja, akatazama lori, akamtazama Mzungu, mwisho akanitazama mimi na gogo langu.

"Huyu ndiye utingo?" akamwuliza baba yako.

"Ndiye."

"Basi mfundishe, mimi nina mtama mwingine huku mbele."

Baba yako hakunigombeza. Alinichukua mpaka nyuma ya gari akanionyesha kwa mguu. "Gogo linakaa huku," akasema. "Gari likichoka halirudi mbele." Bwana Tomu alitusaidia kusukuma, na yule mzee akatupa maji ya kunywa na ya kutia kwenye rejeta. Baba yako akamwachia kibaba cha chumvi, na mzee akaridhika.

Ruangwa tulikaa siku mbili tukishusha mizigo. Pale ndipo nilipogundua kitu kuhusu safari ambacho sikukijua. Mgeni mwenye gari huulizwa maswali mengi, lakini mgeni wa ajabu huulizwa zaidi. Wanawake walinizunguka. Walitaka kujua kama mume wangu ananilipa, kama nikiruka sianguki, kama kweli kule Nachingwea kuna mashine inayong'oa mbuyu kama mtu anavyong'oa muhogo. Nikawajibu, na kila nilipojibu nami niliuliza langu: "Mnamjua Mwanahawa wa Kiegei, mke wa mrina asali?" Hakuna aliyemjua. Vijiji viwili mbele niliuliza vilevile, jibu likawa lile lile.

Njia baada ya Ruangwa ilikuwa njia kwa jina. Tuliposimama kupoza injini, Bwana Tomu alishuka akachota udongo akausugua kiganjani. "Kwetu sawasawa hii," akaniambia. "Udongo nyekundu. Barabara refu, refu, mtu kidogo. Mji moja, halafu siku nzima hapana kitu, halafu mji ingine dogo."

Nikamwuliza huko katikati hakuna watu kabisa?

"Iko. Mama yangu iko."

Ikawa mama yake anakaa kwenye nyumba kando ya njia kama hiyo, na lori la mizigo hupita mara moja kwa mwezi. Akiona vumbi kwa mbali anabandika maji ya chai. Dereva akifika hamwachi. Mvua imenyesha wapi, nani amejifungua, nani amegombana na nani. "Maswali mingi sana," Bwana Tomu akasema. "Chai baridi, dereva choka, mama bado uliza."

Zainabu, nilimpenda yule mama bila kumwona. Nikamwuliza mwanawe vichuguu wanavyo? Akasema wanavyo, virefu kushinda mtu. Wanyama? Akasema yuko mmoja anayetembea kwa kuruka na mtoto wake yuko kwenye mfuko wa tumbo. Baba yako akamtazama kwa huruma, akanong'ona kwamba jua limempata. Mimi nilimwamini. Mtu anayesema kweli kuhusu mama yake hana sababu ya kudanganya kuhusu mnyama.

Tulipofika bonde la Mbwemkuru lori lilizama kwenye mchanga kabla ya kijiji. Wanaume wakaanza kuchimba na kukata matawi. Kazi yangu ya gogo haikuhitajika, nikaenda kutafuta maji. Kwenye madimbwi ya mtoni nikakuta wanawake wanafua. Nikawaamkia kwa Kimwera, nikauliza swali langu.

"Hapa hakuna Mwanahawa," akasema mmoja, mama mtu mzima. Halafu akaninyooshea kidole. "Wewe unamtafuta kwa jina la kwao. Mwanamke akikaa mahali miaka yote hiyo, jina la kwao nani analijua? Tuambie yukoje."

Nikababaika. Nilimkumbuka kwa macho ya mtoto. Nikasema ni mrefu, akicheka anaziba mdomo, na akitwanga lazima aimbe, hata kama kuna msiba jirani.

Wakatazamana. "Huyo ni Mama Rukia," wakasema, karibu wote kwa pamoja.

Walinielekeza kwenye mashamba ya mpunga. Nilimwona kwanza mgongo, amesimama kwenye dungu anafukuza ndege. Nikamwita jina lake. Akageuka, hakunijua. Nikamtajia jina la mama yetu. Akashuka dunguni polepole, akashika mti, akaniuliza, "Mama amekufa lini?"

"Mama mzima," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyekufa. Tumekusomea hitima."

Akauachia ule mti. Halafu akaziba mdomo akaanza kucheka, nami nikacheka, tukakaa chini kwenye tope tukishikana, na kicheko kikageuka kilio bila sisi kujua ni wapi kiligeukia.

Yule mtu wa habari alikuwa amesikia nusu. Aliyefariki kwenye uzazi alikuwa mke mdogo wa yule yule mrina asali. Mtoto alipona, wa kike, akaitwa Rukia, na Mwanahawa, ambaye hakujaliwa mtoto, akamlea. Baadaye mume akaenda kwenye mashamba ya mkonge, akatuma talaka kwa mkono wa mtu, hakurudi tena. Nyumba ikabaki na Mwanahawa, Rukia, na mama wa yule marehemu, kikongwe aliyeitwa Bi Tatu. Dada yangu alikuwa ametuma salamu Kiegei, si mara moja. Aliposubiri jibu asilipate, aliamini kwamba tumemkasirikia kwa sababu ya talaka.

Sasa sikiliza nilichofanya. Nilikuwa na usiku mmoja tu pale, baba yako amelala garini akidhani nimepewa malazi na wenyeji tu; lori lilikuwa limekwamuliwa na kesho yake tulikuwa tunageuza. Usiku mzima ule niliutumia kumwambia dada yangu afunge mizigo. Nafasi kwenye lori ipo, mama anakungoja, kwenu kuna mashamba, hapa unakaa na nani. Nilisema mpaka sauti ikakauka.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Na Rukia?"

"Tumchukue."

"Rukia ni wa ukoo wa mama yake. Bi Tatu hana mjukuu mwingine. Nikimchukua nimemwibia. Nikimwacha, nimemwacha."

"Bibi yake yupo, atamlea."

Bi Tatu alikuwa ameketi pale pale anachambua choroko, macho yake yameshaingia ukungu.  Aliendelea kuchambua kwa vidole, lakini nikaona punje nzima anazitupa na mawe anayaacha kwenye ungo. Mwanahawa akainuka, akamwondolea ule ungo, akauchambua upya yeye. Hilo ndilo lilikuwa jibu langu. Sikulielewa siku ile. Nilidhani dada yangu ana kichwa kigumu. Asubuhi nilipanda juu ya magunia ya ufuta nikaondoka nimenuna, sikumuaga hata Rukia.

Bwana Tomu aliniona hivyo, akamwuliza baba yako kuna nini, na hapo ndipo baba yako mwenyewe alipopata habari yote, kwa kuwa ilibidi nimweleze. Alisimamisha gari. Nilidhani atakasirika kwa kumficha. Akaniuliza tu, "Kwa nini hukuniambia? Tungekaa siku mbili, ningesema springi imekatika."

Tulipofika Nachingwea, Bwana Tomu alituaga akaenda zake kwenye treni ya Mtwara, nami nikaja Kiegei kukuchukua. Wewe ulijificha nyuma ya mlango hukutaka kunisalimia. Bibi yako nilimkuta anakaanga korosho. Nikamwambia, mama, Mwanahawa yu hai.

Hakupiga kelele. Aliondoa chungu motoni, akaketi, akaanza kuuliza.

Amenenepa au amekonda? Nikasema yuko kawaida. Nyumba yake ina vyumba vingapi? Sikujua. Maji anachota mtoni au kisimani? Mtoni, nadhani. Yule mtoto anafanana na nani, analala na nani, meno yameshang'oka? Sikujua. Huyo Bi Tatu anampenda mwanangu? Alikula nini usiku ule? Nikajikuta sikumbuki hata chakula nilichopewa. Zainabu, nilikuwa nimekwenda njia yote ile, nimezungumza na kila mwanamke wa Ruangwa, nimemwuliza Mzungu habari za vichuguu vya kwao, na kwenye nyumba niliyokuwa naitafuta sikuuliza hata swali moja.

Bibi yako akanitazama. "Basi ulikwenda kufanya nini?" akasema. Hakuwa na hasira, alikuwa anataka kujua kweli.

Kiangazi kilichofuata alikwenda mwenyewe. Mjomba alikataa, akasema mzee hapandi lori. Bibi yako akavaa, akaja Nachingwea kwa miguu, akaingia mbele akakaa na baba yako. Mimi safari hiyo nilibaki, nilikuwa na mimba ya mdogo wako. Baba yako anasema njia nzima alikuwa anataka kujua jina la kila kijito, na dereva akisema halijui anamsimamisha aulize watu.

Alikaa Mbwemkuru mpaka mpunga ukavunwa. Hakumwambia Mwanahawa afunge mizigo. Yeye na Bi Tatu walikaa kibarazani wakazungumza siku hadi siku, na walichokubaliana hakuna aliyekiandika, lakini tangu hapo Rukia amekuwa akija Kiegei kila mwaka na kurudi kwa Bi Tatu, na Mwanahawa naye, na hakuna ukoo uliodai umeibiwa. Bi Tatu alipofariki, Mwanahawa ndiye aliyemshika kichwa. Na bibi yako alipokuwa mgonjwa mwaka jana, wewe mwenyewe ulimwona dada yangu akimnywesha uji, na Rukia akiwa mlangoni na maji. Ulidhani kwamba walikuwako siku zote. Nusura wasiwepo.

Sikuambii ujifunze nini hapo. Wewe utakuwa unaingia kwenye nyumba za watu wakati mama mwenye nyumba hana nguvu ya kujieleza, na watu watakuwa wanakutazama wewe tu ufanye kitu. Mama yake Rukia hakupata mkunga wa kuingia mlangoni kwake. Mengine utayajua huko huko.

Baba yako yuko dukani sasa, anabishana na dereva wa kesho ili ukae mbele. Mwache ashinde, ni raha yake. Lakini nataka ujue kwamba mbele mtu huona barabara, na nyuma juu ya mizigo ndiko anakoona nchi. Siku ya pili hamia nyuma, baba yako hatakuwepo kukuona.

Nami nina jambo moja la kukuomba, na sioni haya kulisema. Nakuonea wivu. Tangu uje na karatasi ya kuitwa nimekuwa nikiwaza ile njia baada ya Masasi kuliko nilivyowaza shule yako. Gari likisimama Tunduru, shuka, hata kama watakwambia hakuna kitu. Tazama wanawake wanachotwanga. Uliza mto ule unaitwaje na maji yake yanakwenda wapi. Usiniandikie kwamba umefika salama. Hilo nitalijua kwa dereva. Niandikie kuna nini hapo katikati. Mimi sijafika.

Mama yako,
Somoe